Mate ya Alfajiri

Nyinyi wajukuu, na nyinyi wengine ambao siwajui lakini mtashika kitabu hiki, kwanza wekeni simu pembeni. Sitawaeleza babu yangu alikuwa nani wala ukoo wetu ulishukaje kutoka milimani. Hayo waulizeni wajomba zenu, wao wanapenda kuulizwa. Nataka niwaeleze mwaka mmoja tu, mwaka ambao mwanamke wa Kinyamwezi aliingia nyumbani kwetu Bigwa, Morogoro, na sanduku la vichupa, akamchukua mama yangu. Hakumpeleka mahali. Mama alibaki pale pale, kwenye kigoda chake kile kile, karibu na mafiga yale yale. Lakini mtu anaweza kuchukuliwa huku umekaa naye unamwona, na hilo ndilo lililonipata nikiwa msichana wa kuolewa. Mkisema nilikuwa na wivu, mtakuwa mmesema kweli. Nilikuwa nao, ninao mpaka leo, na sikukaa hapa kuuombea msamaha.

Mama amefariki mwaka huu, mvua za masika zikiwa ndiyo zinaanza. Alikuwa mzee sana, amekonda, amebaki sauti tu. Tulimzika juu kidogo ya nyumba, penye migomba. Watu wakiwa wamejaa uani, gari dogo jeupe likasimama barabarani, akateremka bibi mfupi mwenye fimbo na miwani mizito. Sauda, mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu hapa mjini, alitupa beseni la vyombo akakimbia kumpokea mkoba. "Shikamoo Profesa," anasema, na magoti yanapinda mpaka chini. Mimi bibi yake sijapata kupigiwa magoti ya namna ile. Nikamjua kabla hajavua miwani. Ni yule yule Mnyamwezi wa vichupa, Nyamizi. Amefundisha huko na huko, amezeeka, amestaafu, amerudi kukaa Morogoro, na Sauda ni mmoja wa wanafunzi wachache anaowasimamia bado. Sasa nyinyi mliozaliwa juzi pengine hamjui: Wanyamwezi ni watani wetu sisi Waluguru. Kwenye msiba, mtani ana ruhusa ya kumcheka marehemu na kuwatania wafiwa, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Basi Nyamizi hakutoa hata pole. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda cha mama, akakaa, akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga, akajifanya anatema mate ndani ya kichupa, taratibu, kwa haya, kidole kimoja kimenyanyuka, kama mama hasa. Kisha akaangalia kichupa, akasema kwa sauti ya mama, "Daktari, yametosha, au nikuongezee na ya jirani?" Uwanja mzima ukacheka. Mjomba wangu, ambaye alikuwa analia tangu alfajiri, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilimwangalia nikasema moyoni, hata leo. Hata leo ambapo mama ni wangu peke yangu, umekuja kumchukua.

Mwaka ninaousema ulianza kwa kifo cha Shomari, kaka yangu. Alikuwa utingo wa lori lililobeba machungwa kwenda Dar es Salaam, nalo likapinduka kabla ya kufika Mikese. Waliomleta walimleta juu ya gunia, na machungwa machache yaliyopona waliyaleta vilevile, wakayaweka mlangoni. Mama hakulia. Aliyatazama yale machungwa akasema yaondolewe. Kuanzia hapo akaingia chumbani. Mama yangu alikuwa mwanamke wa tenga kichwani, aliyeshuka na mchicha na karoti mpaka sokoni mjini kabla jua halijapasua, mwenye mdomo, mwenye kubishana bei na Mhindi na akashinda. Mwanamke huyo akawa anakaa kwenye ukingo wa kitanda cha kamba, dirisha limefungwa, mikono mapajani, na ukimuuliza jambo anakujibu kwa kichwa. Akiongea, anaongea la lazima tu. Chumvi imekwisha. Mbuzi amefunguka. Chakula kilimshinda. Watu walisema amerogwa, wengine wakasema ana shetani apungwe. Mimi nilisema ni mama yangu na nitamrudisha. Hiyo ndiyo kazi niliyojipa mwaka ule, wala sikuwa na nyingine. Shamba nililima, mboga niliuza, posa mbili niliziacha zikapita. Kila alfajiri nilimpelekea maji ya vuguvugu kwenye bakuli la bati, asukutue na kunawa uso, na kipande cha ndimu cha kufyonza kwa sababu mdomo wake ulikuwa unakauka na midomo imepasuka. Halafu uji wa mtama. Niliupika mwepesi, nikaupika mzito, nikatia tui, nikatia sukari siku ambazo sukari ilipatikana, maana ilikuwa miaka ya foleni. Alikunywa vijiko viwili vitatu akanirudishia bakuli. Nilikuwa nikisimama mlangoni nikisubiri aseme neno, hata la kunigombeza. Hakuna.

Ndipo balozi wa nyumba kumi akamleta Nyamizi. Alikuwa amenizidi miaka michache tu, mweusi, mfupi, ana gauni la kijani na viatu vya kamba kama vya mwanamume. Balozi akasema msomi huyu anatafuta chumba, anafanya utafiti wa akina mama, serikali inajua. Mama alikuwa ametoka kuota jua kidogo, amekaa ukutani. Alimtazama yule mgeni kwa muda, kisha akasema, "Mpeni chumba cha Shomari." Mimi nilikuwa nakuna nazi. Nilisimamisha mkono. Chumba kile nilikuwa sijakigusa, shati lake bado lilikuwa kwenye msumari. Mama hakuniuliza mimi, aliniambia nikafagie. Nilifagia. Lile shati nililitoa nikalilaza kwenye sanduku langu, na mgeni aliponiambia, "Ahsante sana, mdogo wangu," nilimjibu kwamba mimi kwetu nilikuwa na kaka mmoja tu, dada sikuwahi kuwa naye.

Kazi yake ilikuwa mate. Msicheke. Hata sisi tulicheka, kwanza kwa kuogopa. Aliwakusanya akina mama uani kwetu, waliofiwa na watoto au waume na wasiofiwa, pamoja na binti zao wakubwa, akaeleza kwamba kuna kitu ndani ya mwili wa mtu, homoni, ambacho hupanda mtu akiamka, ndicho kinachomnyanyua kitandani aanze siku. Halafu kinateremka polepole mpaka jioni. Kwa mtu mwenye msongo mkubwa, alisema, mpango huo huvurugika. Kinaweza kugoma kupanda, au kikapanda kikakataa kushuka. Na kitu hicho kinaonekana kwenye mate. Kwa hiyo anataka mate ya kila mmoja akiamka tu, kabla ya chochote, na mengine mchana, na mengine jioni, siku kadhaa kila mwezi. Mama Zena, jirani yetu, mwenye ulimi mkali kuliko wote, akauliza, "Sasa daktari, huzuni ya moyoni inashukaje mpaka mdomoni?" Nyamizi akasema, "Mimi siyo daktari wa sindano, mama. Na huzuni haikai moyoni peke yake, inakaa mwili mzima." Mama Zena akageukia wenzake. "Mmesikia? Basi mimi ya kwangu iko magotini." Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea kuchukua kichupa. Mate ya mtu siyo kitu cha kumpa mtu usiyemjua akaondoka nayo, hilo hata mtoto analijua. Kila mmoja alijifunga khanga vizuri kama anayetaka kuondoka. Hapo mama yangu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, asiyeongea, akanyoosha mkono. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, Nyamizi akamwekea kichupa. Wakaona Mama Shomari amechukua, wakachukua wote. Binti zao pia. Mimi nilisema mate yangu ni yangu. Nyamizi akasema ni hiari. Nikasema najua kuwa ni hiari, ndiyo maana nimekataa.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, na kuta zake hazikufika juu kwenye paa, kwa hiyo aliyekaa chumba kimoja alisikia cha pili. Jioni nikiwa jikoni napepeta mchele, nilisikia wakizungumza chumbani kwa mama. Namaanisha Nyamizi akizungumza na mama akisikiliza, mwanzoni. Nilimsikia akimweleza kwamba baba yake, huko Unyamwezini, alianza kusikia sauti za watu ambao hawapo, na ndugu zake wakamfunga kamba kwenye nguzo ya ghala, na yeye Nyamizi akiwa mtoto ndiye alikuwa anampelekea chakula, anamlisha kwa mkono. "Walisema ni laana," alisema. "Mimi nikawa najiuliza, laana hii imekaa wapi? Kwenye damu? Kwenye kichwa? Ingekuwa na mahali inapokaa, mtu angeweza kuitafuta." Halafu nikasikia sauti ya mama, nzito kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. "Alikuwa anapenda chakula gani?" Nyamizi akasema, "Viazi vitamu vikavu, na karanga." Mama akasema, "Sisi huku tuna magimbi. Kesho Tatu atakuchemshia." Tatu ni mimi. Miezi mingi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiomba neno moja, na neno la kwanza refu lililotoka kwa mama yangu lilikuwa la kuuliza chakula cha baba wa Mnyamwezi, na la pili la kunituma nikamchemshie magimbi binti yake.

Niliyachemsha. Nilimwekea na chai ya mchaichai. Alikula akashukuru, na mimi nilihesabu kila gimbi lililoingia mdomoni mwake kama limetoka mdomoni mwangu. Mambo yenyewe yalikuwa madogo, na mtu akiyasikia atasema kumbe ndiyo hayo tu. Nyamizi alianza kumwita mama yangu "mama," bila jina la mtoto nyuma yake. Siku ya Maulidi tulichinja kuku, na firigisi, ambayo miaka yote ilikuwa ya Shomari, mama aliichukua kwenye sufuria kwa kidole chake akaiweka kwenye sahani ya mgeni. Nyamizi hakujua maana yake, akaila huku anasoma. Akina mama walikuwa wananitania kisimani. Mama Zena alisema, "Tatu, hiyo ndoo unaitua au unaitupa? Au ndani yake kuna Mnyamwezi?" Nikamwambia, "Ingekuwa yumo ningeifunika na mfuniko." Walicheka sana. Walidhani nafanya utani.

Haki yake nitampa, kazi alijua kuifanya. Alfajiri akiwa amevaa koti la mvua na kandambili, anapita nyumba kwa nyumba kwenye ukungu, anashuka makorongo, anapanda, na chupa yake pana yenye barafu mgongoni kama mtoto. Hakulazimisha mtu. Aliyesema leo sitaki, alimwambia haya, akauliza hali ya mbuzi. Vichupa alivipeleka chuoni vikagandishwe, na vilipokuwa vingi vya kutosha akaenda navyo Dar es Salaam, kwenye maabara ya walimu wake. Siku zile ambazo hakuwepo, nilimpata mama. Lakini mama alikuwa amerudi kwenye ukingo wa kitanda, ananijibu kwa kichwa, na siku moja akaniuliza, "Basi la Dar linafika saa ngapi?" Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua.

Alirudi mchana, jua kali, mlima unaonekana wote bila wingu. Tulikuwa jiko la nje. Mama alikuwa anamenya magimbi, kwa kuwa mimi nilikuwa nimemwekea kisu mkononi ili asikae bure, na mimi nilikuwa nachambua mchicha. Nyamizi aliingia, hakutoa shikamoo, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama amekaa kwenye kiti, akaanza kulia. Alilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Mama akaacha kumenya. Habari ikatoka kidogo kidogo. Mate yameharibika. Yote. Miezi yote ile. Mtambo wa kupimia umekataa kwa sababu mate ni makali kupita kawaida, na mwalimu wake mkubwa alifungua kichupa kimoja akanusa, akamuuliza mbele ya watu kama ameleta mate au ameleta achari. Amemwambia huu mpango aufunge, atafute kazi nyingine ya kusomea, hii ya akili haifai kwa watu wa mashambani. "Yananuka ndimu, mama," alisema. "Yote yananuka ndimu. Mlifanya nini?"

Mama akasema, "Tulisukutua." Alilisema kama mtu anayeulizwa kama amevaa nguo. "Niliwaambia mkiamka tu," Nyamizi akasema, "kabla ya chochote." Mama akasema, "Tulikusikia. Lakini wewe ni mgeni, na msomi. Mtu akutolee uchafu wa usiku, hajanawa, mdomo unanuka, akupe mkononi? Hata salamu hatukuwa tukikupa kabla ya kusukutua. Na mdomo ukishasukutuliwa hauna mate, umekauka, kwa hiyo ukifyonza ndimu yanakuja vizuri, safi. Kila nyumba ilikuwa inafanya hivyo. Tulikuwa tunakuheshimu." Nyamizi alimtazama kwa macho mekundu. Mimi nilisubiri aombe radhi, maana siku zote alikuwa mtu wa samahani mama, ahsante mama, amekaa kisomi, hata siku moja hakuwahi kututania ingawa ni Mnyamwezi. Badala yake akafuta pua kwa mkono mtupu, akasema, "Waluguru nyinyi ni watu wabaya. Babu zangu walipopita hapa na misafara waliambiana, huku kwa Waluguru msinunue kitu bila kuonja. Mimi sikuonja. Mmeniuzia ndimu mkasema ni mate."

Kisu cha mama kilisimama hewani. Niliona shingo yake ikinyanyuka. Akasema, polepole, "Na nyinyi Wanyamwezi mlipita hapa mmebeba mizigo ya watu mpaka pwani, hakuna hata mmoja aliyefungua kuangalia ndani kuna nini. Wewe ndiyo mjukuu wao kabisa. Umebeba ndimu za Bigwa mpaka Dar es Salaam, kwenye barafu." Halafu akacheka. Mama yangu akacheka. Kwanza ilitoka puani, kama chafya, halafu mabega, halafu akaangusha gimbi likaviringika majivuni, akashika tumbo. Nyamizi naye akaanza, huku machozi bado yanatoka, na mbuzi ya nazi ikapinduka naye akakaa chini. "Na nani alikuwa anakata ndimu za nyumba hii?" aliuliza kutoka chini. Mama akanielekeza kisu. "Huyo. Kila siku, kipande kizuri, ametoa na mbegu." Wakanitazama wote wawili wakacheka upya. Nilikuwa nimeshika shada la mchicha. Nililiweka kwenye ungo, nikaendelea kuchambua, jani kwa jani. Kicheko kile nilikuwa nimekiomba kwa Mungu mwaka mzima. Nilikuwa nimekipikia uji, nimekipashia maji, nimekikatia ndimu. Kikaja, nilikuwepo, nilikisikia kwa masikio yangu, na hakikuwa changu.

Kesho yake mama alijifunga khanga akatoka. Hakwenda shambani wala sokoni. Alikwenda nyumba moja hadi nyingine, ile njia ya Nyamizi ya makorongoni, akisimama kwenye kila uwanja na kusema, "Kuanzia kesho hakuna kusukutua mpaka Mnyamwezi apite. Yananuka, hayanuki, anayataka hivyo hivyo." Mama Zena akamuuliza, "Na tukikosa heshima je?" Mama akasema, "Heshima mtaiweka baada ya mate." Kazi ikaanza upya, na yule mwalimu wa Dar hakuambiwa mpaka ilipokwisha. Mama akawa anaamka kabla ya jogoo, anavaa, anatembea na Nyamizi kwenye ukungu, amembebea ile chupa ya barafu kichwani kwa sababu alisema Wanyamwezi hawajui tena kubeba. Akaanza kula. Akaanza kugombeza. Siku moja alinigombeza mimi kwa kuacha jembe nje, na nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu mpaka uso wangu uliponyooka. Mwishoni mwa mwaka, vichupa vya mwisho vilipokuwa vinakusanywa, alikuja na kimoja akasimama mbele yangu. "Tatu, akina mama wote binti zao wapo. Mimi tu sina. Toa basi." Nikamwambia sitoi. Alinitazama, akakirudisha kichupa kwenye sanduku, hakuniomba tena jambo hilo mpaka anakufa.

Nyamizi alifaulu. Aliondoka akasoma mbele, akaenda Ulaya, akarudi akiwa na udaktari, baadaye uprofesa. Wale waliokuwa wakisema wagonjwa wa akili ni watu wa kufungwa kamba, aliwakalia kitako kwenye redio, kila mwaka, na sauti yake ile ya upole. Mama alikuwa akimsikia anasimamisha kila kitu, hata watoto wangu wakilia anawanyamazisha. "Nyamazeni, Mnyamwezi wangu anasema." Mimi alinizaa nani basi, nilikuwa najiuliza. Nilimtunza mama mpaka mwisho, nilimwosha, nilimgeuza, na maji ya kusukutua nilimpelekea kwenye bakuli la bati lile lile mpaka siku aliyoshindwa kumeza. Na alfajiri moja, akili imeshachoka, aliyapokea akaniambia, "Ahsante, Nyamizi."

Sasa nirudi mwaka huu nimalize. Siku ya arobaini watu walipokwisha kutawanyika, Nyamizi alibaki. Sauda alikuwa amemwandalia chumba bila kuniuliza, kile kile cha Shomari, siku hizi kina simenti na feni. Tulikula watatu uani, ugali na kisamvu cha nazi. Anakula polepole siku hizi, meno yamepungua. Akasema, "Tatu, nimekuja kuomba mate." Nikamwambia, "Hujashiba tu?" Akacheka. Sauda ndiye alieleza, kwa haraka, macho chini, kwamba utafiti wake unahusu wale akina mama wa zamani, binti zao na wajukuu zao, aone kama huzuni ya mama inaacha alama kwenye mwili wa mtoto aliyemzaa, na wa anayefuata. Anataka mate ya nyumba nzima. Nikamwambia aendelee kula. Niliona anavyomtazama Profesa wake kabla ya kunijibu, na lile joto la zamani likanipanda, nikasema moyoni, kwanza mama, sasa mjukuu.

Nyamizi akaweka tonge. "Mate ya mama yako bado ninayo," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Yapi?"

"Ya mwaka ule. Kichupa kimoja, cha alfajiri iliyofuata siku ile tuliyocheka. Vingine vyote nilivipima, hicho sikukifungua. Nilikwenda nacho Ulaya nikarudi nacho. Kipo chuoni, kwenye friza ya baridi kali. Umeme ukikatika, naamka."

Sauda alikuwa ameacha kutafuna. Nilimuuliza Nyamizi alikuwa anakiweka cha nini. Akasema, "Kila nikitaka kukifungua nasema bado. Lakini ni chako, Tatu, sitabishana. Ukitaka nikilete tukizike naye pale kwenye migomba, kesho nakileta."

"Na nikisema kibaki?"

"Kitabaki. Ila kinakaa vibaya. Wenzake wote, akina Mama Zena wote, masalio yao yamo humo, na kila mmoja pembeni yake ana kichupa cha binti. Mama yako pembeni yake pako wazi tangu wakati ule. Sikupaziba." Alivua miwani akaifuta kwa khanga. "Bado una wivu, Mluguru wewe?"

"Bado."

"Vizuri. Ningekuta umeacha, ningejua aliyekufa ni wewe."

Niliondoka pale nikaenda kwenye migomba. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukaa, mvua imeushindilia. Nilisimama nikafikiri juu ya ile friza. Mama yangu yuko humo kwenye baridi, kidogo tu, kijiko hakijai, lakini ni yeye wa mwaka ule, wa asubuhi ambayo alikuwa amecheka jana yake. Mama Zena mwenye ulimi yuko naye, na binti yake Zena yuko ubavuni kwa mama yake. Mama yangu hana mtu. Anayeamka umeme ukikatika ni Mnyamwezi. Ningeweza kumzika, niwe nimemchukua. Lakini ingekuwa nimemtoa mahali alipokuwa amenisubiri, nimlete mahali ambapo hanisubiri tena. Wivu ulinijia, nikaona hakuna namna nyingine ya kumrudisha kutoka kwa mwanamke huyu isipokuwa mimi niende nikakae naye kule kule.

Nilirudi uani kabla ya adhana ya Magharibi, nikawaita wote, watoto, wakwe na wajukuu, nikawasimamisha mstari mbele ya Profesa wao. Nikasema: "Kesho alfajiri asiguse maji mtu yeyote wa nyumba hii. Hakuna kusukutua, hakuna mswaki, na ndimu zote Sauda azifungie kabatini. Anayeswali atatawadha baada ya Mnyamwezi kupita, na Mnyamwezi nitamwamsha mimi mapema. Ataanzia kwangu."